Siri Haifai Mbele ya Kisu cha Urembo

Hapana shaka kwamba kila zama huja na urembo wake, na kila urembo huja na gharama yake. Zamani gharama hiyo aghalabu ilikuwa muda na subira: mwanamke alikaa usiku kucha mikono ikiwa imefungwa ili hina ikolee. Leo gharama hiyo, kwa baadhi ya watu, imekuwa damu. Hapa Tudor, mtaa wa kisiwa cha Mombasa ninamoishi, maneno ambayo zamani niliyasikia katika filamu za ng'ambo tu, sasa nayasikia yakitamkwa na vijana njiani watokapo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na shule za sekondari zilizo jirani: kunyonya mafuta ya tumbo, kujaza makalio, kuchonga pua, kunenepesha midomo. Picha huonyeshwa, bei hutajwa, na jina la kliniki hunong'onwa. Ni huku kunong'ona kunakonitia hofu zaidi ya kisu chenyewe, nako ndiko ninakotaka kukujadili.

Nieleweke vyema tangu mwanzo. Sikushika kalamu ili kumhukumu mtu anayetaka kubadili umbo lake, wala sidai kwamba kila anayefanya hivyo ana upungufu wa akili. Hoja yangu ni moja tu. Upasuaji wa urembo una hatari zake kama upasuaji mwingine wowote, lakini hatari hizo huzidishwa maradufu na aibu na siri. Anayeficha hawezi kuuliza; asiyeuliza hawezi kujua; na asiyejua hutia sahihi karatasi yoyote anayowekewa mbele yake.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Wanafunzi wengi hudhani kwamba upasuaji wa plastiki uliitwa hivyo kwa sababu mgonjwa hutiwa plastiki mwilini. Sivyo. Neno hilo lina asili ya Kiyunani na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi afinyangavyo udongo, na madaktari wa Ulaya walilitumia miaka mingi kabla ya ndoo na sahani za plastiki kuwako. Ufundi wenyewe ni wa kale zaidi. Maandishi ya tabibu Sushruta wa Bara Hindi yanaeleza namna ya kuunda upya pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Harold Gillies aliwashughulikia nchini Uingereza askari waliopasuliwa nyuso na mabomu. Katika Vita Vikuu vya Pili, jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwatengeneza marubani walioungua ndani ya ndege zao.

Ufundi huo haukuchelewa kufika kwetu. Mmoja wa wale waliojifunza kwa McIndoe ni Michael Wood, daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Kenya. Wazo la kuwapelekea wagonjwa wa mashambani madaktari kwa ndege lilizaliwa penye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Thomas Rees wakaanzisha huduma ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa aina hii tunayoizungumzia. Basi mwalimu akiulizwa darasani ni nani walioanzisha Madaktari Warukao, aweza kujibu bila ya kusita kwamba ni wapasuaji wa plastiki, na kwamba miongoni mwa kazi walizozifanya ni kuwatibu watoto walioungua, watu walioraruliwa na wanyama na watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura.

Nimeyataja hayo kwa sababu maalumu. Watu wetu wengi huweka katika kapu moja upasuaji wa kurekebisha na upasuaji wa kurembesha, kisha wakalitupa kapu zima au wakalibeba zima. Mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto, akapona huku kidevu kimegandamana na kifua, hatafuti urembo. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani naye hatafuti fahari. Hao wanatafuta kurudishiwa walichonyang'anywa, na kuwaonea haya ni dhuluma. Hata wanavyuoni wa Kiislamu waliokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 katika Baraza la Kimataifa la Fiqhi walitenganisha mambo hayo mawili: waliruhusu upasuaji wa kuondoa kilema au athari ya ajali, na wakakataza ule wa kubadili umbo lililo sawa kwa ajili ya matamanio tu. Mtu wa dini nyingine, au asiyefuata rai hiyo, atakuwa na mizani yake. Lililo muhimu ni kwamba awe nayo kabla ya kulala kitandani.

Pwani yetu, kwa hakika, haijapata kuwa adui wa urembo. Tuna hina na piko, tuna liwa na singo, tuna wanja na udi, na bibi harusi wa Mji wa Kale huandaliwa kwa siku kadhaa mikononi mwa wanawake waliomzidi umri. Urembo huo una sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba hufutika: hina iliyokosewa huvumiliwa wiki chache ikaondoka. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba hufanywa mbele ya watu. Shangazi yupo, somo yupo, jirani yupo. Mmoja akiona ngozi inawasha husema, na kazi ikasimama. Hata hivyo, hata hapo haraka imetuletea madhara. Piko inayochanganywa na unga wa kutilia nywele rangi nyeusi ina kemikali inayoweza kuiunguza ngozi na kuleta malengelenge na makovu. Ikiwa rangi ya juu ya ngozi yaweza kufanya hivyo, je, itakuwaje kwa chuma kinachopenya ndani yake?

Tuje sasa kwenye aibu, ambayo ndiyo mzizi wa fitina. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyezaliwa akiichukia pua yake. Chuki hiyo hufundishwa, na la kusikitisha ni kwamba mara nyingine hufundishwa shuleni. Mtoto hupachikwa jina la utani kwa sababu ya midomo yake, mwengine kwa weusi wake, mwengine kwa unene wake. Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka. Jina hilo humfuata hadi bwenini, hadi chuoni, hadi kazini. Siku moja binti niliyemfundisha zamani, aliyekwisha kuajiriwa, alinijia akasema, "Mwalimu, nataka unipe shauri, lakini mama asijue." Alikuwa ameweka akiba ya mshahara wa zaidi ya mwaka mzima ili abadilishwe umbo katika kliniki aliyoijua kwa picha tu. Nilimwuliza, "Mwanangu, siku hiyo ni nani atakayekusindikiza?" Akanyamaza. "Na ukizidiwa usiku, ni nani atakayepigiwa simu?" Akainamisha kichwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Katika ukimya wake niliona hatari kubwa kuliko zote alizokuwa amezisoma.

Kwenye aibu hiyo huongezwa tamaa inayochochewa na simu za mkononi. Picha tunazoziona zimesafishwa, zimenyooshwa na kutiwa mwanga, hata mwenye picha asingejitambua akikutana nayo njiani. Oktoba 2022 Vera Sidika, mwanamke mashuhuri mzaliwa wa Mombasa, alitangaza mitandaoni kwamba ameondolewa vipandikizi vya makalio kwa sababu za kiafya, na picha akazionyesha. Wako waliomwonea huruma na wako waliomcheka. Haukupita muda akasema kwamba ilikuwa mbinu ya kuutangaza wimbo wake. Silitaji jambo hilo ili kumlaumu, maana msanii ana njia zake za kuuza. Nalitaja ili kijana ajiulize: ikiwa maelfu ya watu wazima walishindwa kutambua ukweli wa picha, mimi ninayetaka kuukata mwili wangu ufanane na picha, nafanana na kitu gani?

Matokeo ya haraka na siri tumeyaona. Oktoba 2024, jijini Nairobi, mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta uliofanywa katika kliniki. Alikwisha kuhamishiwa hospitali kubwa roho ilipomtoka, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likaifunga kliniki hiyo. Wala wenye uwezo hawakuepuka balaa hili. Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wa wakati huo, alifia Marbella, Hispania, baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta ya tumbo, na mwaka 2009 mahakama ya huko ikamtia hatiani daktari aliyemhudumia. Ikiwa mke wa rais, aliyekuwa na uwezo wa kwenda atakako, hakusalimika, sisi tunaochanga shilingi tunapaswa kuuliza maswali zaidi yake.

Maswali hayo ni yapi? La kwanza mtu hujiuliza mwenyewe: je, jambo hili nalitaka mimi, au nalijibu neno la mtu? Kisu huweza kuondoa nyama, lakini hakiondoi jina la utani. Aliyeachwa na mchumba, aliyefiwa, au aliye katika kipindi cha huzuni, hana budi kungoja. Daktari mwadilifu hana haraka. Humrudisha nyumbani mteja akafikiri, na wakati mwingine humkatalia. Ukikutana na anayekuhimiza ulipe leo ili upunguziwe bei, ondoka.

La pili lamhusu mpasuaji. Si kila avaaye koti jeupe ni mpasuaji wa fani hii. Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka sita chuoni, akatumikia mwaka wa mafunzo hospitalini, kisha akarudi kusomea ubingwa kwa miaka mingine kadhaa. Baraza la Madaktari lina orodha ya madaktari na mabingwa waliosajiliwa, na raia ana haki ya kuuliza kama jina fulani limo na limesajiliwa kwa ubingwa gani. Kuna pia chama cha wapasuaji wa fani hii nchini Kenya. Uliza: amefanya upasuaji huu mara ngapi? Wangapi walipata matatizo, na aliwafanyaje? Anayekasirikia maswali hayo amekwisha kukujibu.

La tatu lahusu mahali penyewe na usingizi wa dawa. Watu huogopa kisu wakaisahau nusukaputi, ilhali mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hukabidhi pumzi zake kwa mtu mwingine. Je, yupo mtaalamu wa nusukaputi ambaye kazi yake ni hiyo tu? Kuna oksijeni, damu na chumba cha wagonjwa mahututi, au mgonjwa akizidiwa atabebwa kwenye gari katikati ya msongamano? Saluni si chumba cha upasuaji, hata ingawa imepakwa rangi nyeupe.

La nne ni hali ya mwili wako, na hapa ndipo siri inapodhuru zaidi. Ugonjwa wa selimundu si mgeni katika pwani yetu, na kuna anayeishi nao bila ya kupimwa. Nusukaputi yaweza kumletea shida kubwa asipotayarishwa. Vivyo hivyo kisukari huchelewesha kidonda kupona, na shinikizo la damu huzidisha kuvuja. Mvutaji sigara aseme, na mlaji wa miraa au mugoka aseme pia, kwani majani hayo huenda mbio na moyo. Aidha, sisi wenye ngozi nyeusi tuna mwelekeo mkubwa zaidi wa kupata keloidi, yaani kovu linalotuna na kukua kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Aliyeona kovu la namna hiyo baada ya kutoboa masikio amekwisha kuonywa na mwili wake.

La tano ni kile kinachofanywa ndani ya mwili. Kujaza makalio kwa mafuta yaliyonyonywa sehemu nyingine huonekana jambo jepesi kwa kuwa mafuta ni ya mtu mwenyewe. Lakini mafuta yakiingia katika mishipa mikubwa ya damu iliyo ndani ya msuli huweza kufika moyoni na mapafuni, na mtu akafa papo hapo. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilitoa onyo kwamba upasuaji huo huenda ulikuwa ukiua mtu mmoja kati ya kila 3,000, kiwango kilichoupita upasuaji mwingine wote wa urembo, na vikahimiza mafuta yasiingizwe msulini kabisa. Ama vipandikizi vya matiti, si vya maisha: huja siku vikahitaji kuondolewa au kubadilishwa. Ubora wake nao haujulikani kwa kutazama. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilitumia silikoni isiyokusudiwa mwili wa binadamu, na mamia ya maelfu ya wanawake ulimwenguni walikuwa tayari wamewekewa bidhaa zake. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka 2013, lakini hukumu haikumtoa mtu silikoni kifuani.

La sita ni siku za baadaye. Bei inayotangazwa aghalabu ni ya siku moja tu. Ni nani atakayelipia dawa, vipimo, siku za kutofanya kazi na upasuaji wa pili endapo wa kwanza utaharibika? Wanaosafiri kwenda India au Uturuki kwa sababu ya unafuu wakumbuke kwamba safari ndefu ya ndege muda mfupi baada ya kupasuliwa huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Wakumbuke pia kwamba kidonda kikioza wako hapa, daktari wao yuko ng'ambo. Atakayewapokea ni muuguzi wa zamu wa hospitali ya umma, ambaye hakuona walichofanyiwa wala hana maandishi yake.

Baada ya maswali hayo huja karatasi ya ridhaa, na hapa nina neno kwa wakuu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo juu ya hali yake, tiba zilizopo na hatari zake kwa lugha anayoifahamu. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi kwa nini mtu wa Tudor, ambaye huota ndoto kwa Kiswahili, akabidhiwe Kiingereza cha kisheria dakika chache kabla ya kupasuliwa? Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Naliomba Baraza la Madaktari, pamoja na wizara inayohusika, waone kwamba kila kliniki ya urembo ina fomu ya Kiswahili fasaha, na kwamba mteja anapewa fomu hiyo aende nayo nyumbani, akaisome mbele ya mtu anayemwamini. Walimu wa Kiswahili tuko tayari kusaidia katika tafsiri. Hiyo ni kazi yenye faida kuliko insha nyingi tunazosahihisha.

Kwa walimu wenzangu nasema: mlango wa kliniki uko mbali na darasa, lakini njia ya kuuendea huanzia darasani. Tukomeshe majina ya utani yanayomdhihaki mtu kwa umbo au rangi yake, na tuanze kwa kuyakomesha katika vinywa vyetu. Somo la biolojia lifundishe ngozi na namna inavyopona. Wanafunzi wapewe nafasi ya kujadili mambo haya hadharani, kwani wasipojadili mbele yetu watanong'onezana nyuma yetu. Na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ajue kwamba umri huo hauruhusu uamuzi kama huo kufanywa peke yake, na kwamba mwili wake ungali unakua. Pua anayoilalamikia leo bado haijamaliza safari yake.

Kwa wanafunzi nasema: wahenga walitwambia kwamba kuuliza si ujinga, na hawakuweka mpaka wa jambo la kuulizwa. Ukiona kuna jambo unalitaka lakini huwezi kumweleza mama, baba, shangazi, dada au hata rafiki mmoja mkweli, basi bado hujawa tayari kulifanya. Mweleze kwanza. Huenda akakuzuia, huenda akakuunga mkono, lakini siku ile utakapolazwa, ikiwa itafika, kutakuwa na mtu nje ya mlango anayejua jina la daktari wako, kundi la damu yako na dawa zinazokudhuru. Huenda mtu huyo mmoja ndiye atakayeyaokoa maisha yako. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo hupenda sana kuzaliwa katika nyumba ya siri.